Muuaji Ninayemjua

Jumamosi, 13 Aprili 2024

Nimeamua kuzisoma upya riwaya zote za upelelezi zilizomo kabatini, moja baada ya nyingine, na safari hii nitakuwa namjua muuaji tangu ukurasa wa kwanza. Watu wengi husema riwaya za aina hii ni za kusomwa mara moja. Ukishajua nani kaua, kitabu kimekwisha kazi, mpe mwenzako. Mimi naona hapo ndipo kipimo kinapoanza. Mara ya kwanza msomaji yuko mbioni, haoni njia wala walio pembeni ya njia. Mara ya pili hana la kukimbilia. Ndipo anapoweza kuuliza maswali mawili: je, mwandishi alinitendea haki? Na je, hawa walikuwa watu, au walikuwa vinyago vya kunipotezea muda mpaka jina la muuaji litajwe?

Nina sababu nyingine pia. Wahakiki wetu waliigawa riwaya ya Kiswahili mafungu mawili, riwaya dhati na riwaya pendwa, na upelelezi ukaangukia fungu la pili. Sina ugomvi na mafungu. Nina ugomvi na tabia ya kulihukumu fungu zima bila kulifungua. Wengi wa rika langu walianza kumaliza kitabu kwa hiari yao, bila mwalimu wala mtihani, kwa sababu ya wapelelezi wa riwayani Willy Gamba na Joram Kiango. Vitabu vilivyofanya kazi hiyo vinastahili kusomwa kwa makini na kupewa hukumu ya haki, vizuri visifiwe na vibovu viambiwe ubovu wao.

Jumatatu, 15 Aprili

Nimeanza na mkubwa wao, Muhammed Said Abdulla, na kitabu chake cha kwanza, Mzimu wa Watu wa Kale. Kilishinda shindano la uandishi wa hadithi za Kiswahili mwishoni mwa miaka ya 1950, na East African Literature Bureau wakakichapisha mwaka 1960. Tajiri mwenye mashamba, Bwana Ali, anakutwa maiti mzimuni. Mahali penyewe panatosha kuwafunga watu midomo: nani atathubutu kuhoji kifo kilichotokea kwa wenyewe wa kale? Bwana Msa, mpelelezi wa Abdulla, anathubutu. Anawasha kiko chake, anafikiri, anauliza, na taratibu anaiondoa mizimu katika kesi mpaka anabaki binadamu peke yake.

Kiko hicho na yule rafiki wa kuambatana naye, Najum, vinamkumbusha kila msomaji Sherlock Holmes, ambaye Arthur Conan Doyle alimtoa mara ya kwanza mwaka 1887. Alama ya Holmes ipo na haina haja ya kufichwa. Lakini nikisoma polepole naona tofauti kubwa. Holmes anasoma majivu, matope na mikwaruzo. Bwana Msa anasikiliza watu wakizungumza. Kurasa kwa kurasa ni mazungumzo, Kiswahili cha Unguja chenye adabu na miiba yake, na dalili nyingi zimo katika namna mtu anavyojibu salamu, anavyokwepa swali, anavyomsifu marehemu kupita kiasi.

Abdulla alizaliwa mwaka 1918, na kabla ya kuingia katika uandishi wa habari mwaka 1948 alikuwa mkaguzi wa afya. Baadaye, kuanzia mwaka 1958, alihariri jarida la Mkulima kwa miaka kumi. Nadhani kazi ile ya kwanza ilimfaa kuliko chuo chochote. Mkaguzi wa afya huingia nyumba za matajiri na za maskini kwa ruhusa ya sheria. Huona uani, huona visima na jiko, na huona yale ambayo mgeni wa sebuleni haonyeshwi. Riwaya zake zina jicho hilo la mtu aliyezoea kupita mlango wa nyuma.

Alhamisi, 18 Aprili

Shangazi yupo hapa tangu baada ya Idi, amekuja kutibiwa macho. Hawezi kusoma kwa sasa, kwa hiyo jioni namsomea kwa sauti. Yeye ni wa Unguja na aliwahi kuvisoma vitabu vya Bwana Msa ujanani, ila amevisahau. Kila ninapomtaja mtu mpya ananisimamisha.

“Huyo mtoto wa nani?”

“Hajasema bado, shangazi.”

“Basi mwangalie huyo, mwanangu. Asiyesemwa mamake ana jambo.”

Mwanzo nilidhani ni maongezi tu ya mtu mzima anayependa nasaba. Kisha nikaona ameshika ufunguo wa vitabu hivi vyote. Katika riwaya nyingi za Kiingereza, chanzo cha mauaji ni wasia. Tajiri mzee anatishia kubadilisha maandishi kwa mwanasheria, na aliyekuwa akitegemea mali anamwahi kabla kalamu haijagusa karatasi. Chanzo hicho hakina nguvu sana Unguja. Katika sheria ya mirathi ya Kiislamu mafungu ya warithi yamekwishapangwa, na wasia hauvuki theluthi moja ya mali, wala hauendi kwa mrithi ambaye tayari ana fungu lake. Tajiri hawezi kumnyima mwanawe kwa hasira ya siku moja. Wala kumuua mzazi hakusaidii, kwani muuaji harithi aliyemuua.

Basi anayetaka mali isiyo yake afanye nini? Abadilishe nani ni nani. Afiche kuwa fulani ni mtoto wa ndoa, au amdai baba asiye wake, au alizime jina la mama. Ndiyo maana fumbo la Abdulla mara nyingi halikai kwenye kisu wala sumu. Linakaa kwenye uzazi. Hata majina ya vitabu vyake yanapiga mbiu hiyo: Mke Mmoja Waume Watatu, Mwana wa Yungi Hulewa. Nilipomweleza shangazi haya, alikubali kama mtu anayesikia jambo la kawaida. “Kwetu mali inafuata damu,” akasema. “Mwizi wa mali huanza kwa kuiba damu.”

Sijawahi kusoma uhakiki uliolisema hili kwa ufupi hivyo. Abdulla alichukua umbo la ugenini, akaliuliza swali ambalo jamii yake ilikuwa ikilijibu kila siku mbele ya kadhi. Aliyeazima kiko na rafiki wa mpelelezi alikuwa ameshika mkononi jambo lake mwenyewe.

Jumapili, 21 Aprili

Leo ni zamu ya Agatha Christie, The Murder of Roger Ackroyd, ya mwaka 1926. Sitaandika jina la muuaji hata hapa ninapojiandikia mwenyewe, maana daftari huweza kuokotwa. London kuna tamthilia yake, The Mousetrap, iliyoanza mwaka 1952, na watazamaji huombwa wasitoboe siri wakitoka. Naipenda desturi hiyo. Anayemtobolea mwenzake mwisho wa kitabu amemnyang'anya usomaji wa kwanza, na huo haurudishwi.

Kitabu cha Ackroyd kilipotoka, baadhi ya wasomaji walilalamika kwamba wamelaghaiwa. Dorothy Sayers, naye mwandishi wa upelelezi, alikitetea: kazi ya msomaji ni kumshuku kila mtu. Nimekisoma tena nikiwa hakimu wa shauri hilo, na namuunga mkono Sayers. Kila kitu kilikuwapo. Kuna sentensi ambazo mara ya kwanza nilizipita kama mtu anavyopita mlango uliofungwa, kumbe hazikufungwa, zilikuwa wazi na mwanga unaonekana ndani. Hakuna uongo hata mmoja. Kuna ukweli uliosemwa kwa kipimo, mapengo yakaachwa palepale yanapostahili kuachwa. Ustadi wa namna hii hauonekani kabisa katika usomaji wa kwanza. Mwandishi aliufanya akijua kwamba wengi hawatarudi kuuona, na bado akaufanya kwa uangalifu.

Uangalifu huo ulikuwa na mizizi. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia Christie alifanya kazi katika duka la dawa la hospitali huko Torquay, mji aliozaliwa. Alizijua sumu kwa uzito na kwa tabia zake, na riwaya yake ya kwanza, The Mysterious Affair at Styles ya mwaka 1920, ilisifiwa hata na jarida la wafamasia kwa usahihi wake. Mtu anayejua kwamba gramu ikizidi inaua huandika sentensi zake vivyo hivyo.

Mwaka 1929 kasisi na mwandishi Ronald Knox alitoa kanuni kumi za mchezo huu. Mojawapo inakataza mambo ya mizimu na miujiza kuwa jibu la fumbo. Nikamkumbuka Bwana Msa. Abdulla anaingiza mzimu ndani ya hadithi kwa sababu watu wake wanauamini, na hofu yao ni sehemu ya ushahidi. Hauachi mzimu uwe jibu. Ameitii kanuni huku akiheshimu kwamba hofu ya watu ni kitu cha kweli ambacho muuaji anaweza kukitumia. Hilo ni gumu kuliko kuifuata kanuni peke yake.

Jumatano, 24 Aprili

Mvua mchana kutwa, umeme umekatika mara kwa mara, nimesoma kwa tochi. James Hadley Chase. Vitabu vyake vilitapakaa Afrika Mashariki, vikapita mkono hadi mkono mpaka majalada yakachakaa, na waandishi wengi wa Kiswahili wa miaka ya 1970 walivisoma. Mwenyewe alikuwa Mwingereza aliyeandika juu ya Marekani akiwa mbali nayo, kwa msaada wa ramani na kamusi za maneno ya mitaani.

Mara ya kwanza ni mwendo mkali. Mara ya pili nimeona pengo. Miji yake haina watu wanaokwenda kazini, haina kelele za asubuhi, haina jirani. Mitaa ipo ili gari lipite. Nimeacha katikati na sitamalizia. Kwa haki ya marehemu nitasema hivi: aliwafundisha waandishi wetu kuanza hadithi bila kuzunguka, na somo hilo lilihitajika.

Jumamosi, 27 Aprili

Jana Muungano ulitimiza miaka 60, hotuba redioni mchana kutwa. Usiku nikachukua Kufa na Kupona ya Elvis Musiba, ya mwaka 1974, kisha nikaunganisha na Kikosi cha Kisasi, ambayo inampeleka Willy Gamba hadi Kinshasa.

Hapa hakuna fumbo la kinasaba. Adui anajulikana mapema: ni utawala wa makaburu na mawakala wao, wanaowinda wapigania uhuru. Kijana wa leo anaweza kudhani ni chumvi ya mwandishi. Si chumvi. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu mwaka 1963. Tarehe 3 Februari 1969 Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, aliuawa hapahapa mjini kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu kilichotumwa kwake kwa posta. Mji huu uliwahi kuwa mahali ambapo kufungua kifurushi kulihitaji ujasiri. Musiba aliandika kwa wasomaji waliokumbuka.

Nikiwa nayajua hayo, vitabu vyake vinasomeka vingine. Safari za Gamba kutoka mji hadi mji zinaichora Afrika kama nyumba moja yenye vyumba vingi, ambamo mwizi akiingia chumba cha kusini, wa kaskazini anaamka. Msomaji wa kijijini aliyekishika kitabu hicho alijifunza kwamba Kinshasa inamhusu. Hilo ni jambo kubwa, na riwaya chache za fungu la dhati zimelifikisha kwa watu wengi kiasi hicho.

Lakini haki ni haki. Gamba hafi, na tunajua hafi, kwa hiyo risasi nyingi hazitutishi. Wanawake wake wengi wapo ili wapendeze, wasaliti au waokolewe, kisha sura inayofuata inawasahau. Usomaji wa kwanza ulinipitisha haraka juu ya hilo. Usomaji wa pili umekataa.

Jumanne, 30 Aprili

Nimesoma Death in Zanzibar ya M. M. Kaye. Ilichapwa kwanza mwaka 1959 kwa jina la The House of Shade. Kaye alikuwa mke wa mwanajeshi wa Kiingereza, na alifika pwani hii kwa sababu ya kazi ya mumewe. Msichana Dany Ashton anasafiri kwa ndege kutoka London kupitia Nairobi hadi Unguja, kwenye nyumba iitwayo Kivulimi, na vifo vinamfuata njiani.

Fikiria tarehe hizo. Mwaka mmoja tu unaitenganisha riwaya hii na Mzimu wa Watu wa Kale. Kisiwa kimoja, karafuu zilezile, bahari ileile, mapinduzi yangali miaka michache mbele. Katika kitabu cha Kaye, kwa sehemu kubwa, Wazungu ndio wanaoshukiana, na Mzungu anafumbua. Wenyeji wengi wanaleta chai, wanafungua milango, wanapita kwa kanzu nyeupe kwenye mwanga wa mwezi. Ni nadra mtu kuwashuku hao, na hicho ndicho kipimo kikali kuliko vyote. Katika riwaya ya upelelezi, kushukiwa ni heshima. Ni kukubaliwa kwamba una siri, una tamaa, una akili ya kupanga na moyo wa kuchukia. Asiyeweza kushukiwa hakuhesabiwa miongoni mwa watu.

Katika kitabu kilichotoka mwaka uliofuata Abdulla aliwapa watu wa Unguja heshima hiyo yote: wao ndio waliouawa, wao ndio washukiwa, na wao ndio wenye akili ya kufumbua. Sidhani kama alikisoma kitabu cha Kaye, na hakuhitaji. Kazi yake ni jibu hata kama halikukusudiwa kuwa jibu.

Nimemsomea shangazi kurasa kadhaa nikizitafsiri papohapo. Alipenda maelezo ya bustani. Kisha akauliza, “Hao watumishi kwao wapi?” Kitabu hakina jawabu.

Ijumaa, 3 Mei

Mamlaka ya Hali ya Hewa imetangaza kimbunga Hidaya kinaelekea pwani yetu. Tangu jana watu wanafuatilia. Mafundi wamepanda mapaani kupigilia mabati, wavuvi wamevuta ngalawa juu, na kila mtu anatazama simu yake. Mbingu kwa saa kadhaa zilikuwa tulivu kabisa, na utulivu wenyewe ndio uliotutia wasiwasi.

Alfred Hitchcock, katika mazungumzo yake na François Truffaut, alieleza tofauti ya mshtuko na taharuki kwa mfano wa bomu. Watu wamekaa mezani wanazungumza mambo ya kawaida, ghafla bomu linalipuka: mtazamaji ameshtuka kwa sekunde chache. Sasa mwonyeshe mtazamaji bomu lile chini ya meza mapema, na saa ukutani, kisha waache watu walewale wazungumze mambo yaleyale. Mazungumzo ya kipuuzi yanakuwa hayavumiliki, na mtazamaji anatamani kuwapigia kelele wainuke. Wote wawili wamepata bomu moja. Kilichotofautiana ni nani anajua.

Nimelitazama kabati langu usiku huu nikaelewa nilichokuwa nikikifanya tangu Aprili katikati. Riwaya ya fumbo inanificha jambo. Riwaya ya taharuki inanijulisha jambo na kuwaficha wahusika. Watu huzitenga kama koo mbili. Lakini ukiisoma riwaya ya fumbo mara ya pili, unalijua bomu liko wapi. Bwana Ali anatajwa na wewe unajua mwisho wake. Ackroyd amekaa katika chumba chake cha kusomea na wewe unajua usiku ule utaishaje. Kila riwaya nzuri ya fumbo, ikirudiwa, ni riwaya ya taharuki. Na riwaya mbovu ya fumbo ikirudiwa haiwi kitu, kwa sababu mwandishi hakuweka mtu mezani ambaye ungetamani kumpigia kelele ainuke.

Jumatatu, 6 Mei

Hidaya alifika karibu na Mafia Jumamosi akapungua nguvu alipogusa nchi kavu. Hapa kwetu ilikuwa upepo na mvua, miembe miwili barabarani imelala. Shangazi alisali usiku mzima na asubuhi akadai kitabu.

Nimemsomea Ben Mtobwa. Alizaliwa mwaka 1958, akafariki mwaka 2008, na katika maisha hayo mafupi aliandika kwa kasi na kuanzisha kampuni yake ya uchapishaji, Heko. Ilibidi awe mchapishaji. Miaka ya 1980 karatasi ilikuwa adimu, mashirika ya umma ya uchapishaji yalikuwa hoi, na mwandishi aliyengoja zamu yake angeweza kuzeeka foleni. Vitabu vikachapwa kwenye karatasi duni, vikauzwa vituo vya mabasi, na watu wakavinunua.

Mpelelezi wake Joram Kiango si mtumishi wa serikali kama Gamba. Anajitegemea, na mwenzake Nuru ana akili na sauti yake, jambo ambalo Musiba hakulifikisha. Zaidi ya Joram, ninachokipenda kwa Mtobwa ni jiji. Katika Dar es Salaam Usiku mwenye fedha na asiye nazo wanapita barabara moja, na kila mmoja anamwona mwenzake kuliko anavyokubali. Jina jingine, Pesa Zako Zinanuka, ni shitaka zima. Mwaka 1983 serikali ilikuwa ikiwasaka wahujumu uchumi nyumba kwa nyumba, bidhaa zikatupwa usiku mitaroni na baharini. Mlanguzi alikuwa ndiye mhalifu wa zama, na Mtobwa aliandika kwa watu waliokuwa wamesimama foleni ya sukari mchana ule. Huwezi kuzihamishia hadithi hizi Chicago. Zikihama zinakufa.

Dosari zake zinaonekana pia: mwisho unaoharakishwa, bahati inayomwokoa Joram mara nyingi mno. Naona alama za mtu aliyekuwa akiandika huku mashine ya kuchapa inamngoja.

Alhamisi, 9 Mei

Kijana wa jirani, mwanafunzi wa chuo, ameniletea riwaya yake. Anaitoa kwa vipande kwenye makundi ya WhatsApp, msomaji akilipa kidogo kwa simu anatumiwa kipande kinachofuata. Njia hii imewapa vijana wengi wasomaji ambao duka la vitabu lisingewapa, na naiheshimu. Hadithi za magazetini nazo ziliishi kwa vipande na neno la chini, itaendelea.

Nimesoma yote. Kijana ana mkono. Lakini kila kipande kinaishia mlango ukigongwa au simu ikiita, na kipande kinachofuata kinafunguka tukagundua ni mtu wa maji au namba imekosewa. Faraji Katalambulla aliita riwaya yake Simu ya Kifo mwaka 1965, wakati simu ilikuwa kitu cha maofisini na nyumba chache. Mlio wake ulibeba uzito. Siku hizi simu inalia mfukoni mwa kila mtu, na mwandishi anayetaka itutishe lazima kwanza atufanye tumjali anayepokea.

Kosa la pili ni kubwa zaidi. Mwanamke anauawa ukurasa wa pili. Hana jina la baba, hana kazi, hana alichokuwa akikipika jioni ile. Kazi yake ni kuwa maiti. Kijana aliniuliza, “Mzee, umemtambua muuaji?” Nilimtambua mapema, ila si hilo lililonisumbua.

Jumapili, 12 Mei

Kesho atakuja kuchukua mswada. Naandika nitakayomwambia, ili nisiyachanganye.

Usifute fumbo lako, ni zuri. Dalili ya risiti umeiweka wazi na umeificha kwa heshima, kama inavyotakiwa. Ila iandike sura ya kwanza upya. Mpe marehemu siku nzima ya kuishi. Tumwone akibishana na kondakta kuhusu chenji, akimpigia mamake, akikopa, akicheka. Tujue ni mtoto wa nani. Shangazi yangu atakuuliza hilo kabla ya yote, na wasomaji wengi wa Kiswahili watakuuliza bila kutamka. Washuku watu wote mtaani, hata msaidizi wa ndani na mlinzi wa getini, usimwache mtu kwa sababu umemwona mdogo mno kuwa na siri. Na muuaji wako mpe sababu inayotokana na maisha yetu, mirathi yetu, mikopo yetu, aibu zetu. Usiiazime kwenye filamu.

Kisha chukua msomaji mmoja unayemwamini, mwambie muuaji ni nani, umpe kitabu baadaye. Akikirudisha bila kukimaliza, bado hujaandika. Akikimaliza, na akakuambia kwamba alipofika usiku ule alitamani mwanamke yule asifungue mlango, hapo umeandika. Mimi niko tayari kuwa msomaji huyo wa kwanza. Namjua muuaji tayari, na natamani kumwogopa.